Mrejesho: niliyeuliza kuhusu kuacha kazi nikasomee CPA

Assalaam aleykum. Ni mimi niliyeuliza hapa mwezi wa Ramadhani: niache uhasibu wa hoteli huku Nungwi nikasomee CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, au nibaki?

Mzee mmoja wa Chake Chake alinijibu, "Mwanangu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Kazi haikuzuii, uvivu ndio unaokuzuia." Iliniuma, lakini kweli.

Nimebaki. Nasoma baada ya alfajiri. Kuomba ruhusa ya siku za mtihani ndiko kulikonitoa jasho: wiki mbili nazunguka na barua mfukoni. Bosi akasaini bila hata kuniangalia!

Novemba nimefaulu masomo mawili. Somo la kodi limenishinda, nalirudia Mei. Yule mzee bado ananipigia kila Ijumaa, kuuliza nimefika ukurasa wa ngapi.