Krimpa ipi kwa wayaringi ya Land Rover ya jeshi? Naomba ulinganisho kabla sijanunua

Nanyuki109
Wakuu, salamu. Nina Land Rover 109 Series III iliyokuwa ya jeshi, ile ya 24V iliyoandaliwa kubeba redio. Dashibodi nimeshaitoa. Waya za zamani zimekauka, ukikunja kidogo ganda linavunjika kama biskuti, kwa hiyo nafanya wayaringi upya kuanzia betri hadi taa za nyuma. Nimekwama kwenye krimpa, yaani koleo la kubana terminali (vile vichwa vya chuma) kwenye ncha za waya. Nimeona za aina nne:

a) ile plaizi bapa ya kukata, kuchuna na kubana, inauzwa kila duka la spea
b) ya racheti, yenye meno (vibati vya kubania) ya kubadilisha
c) ile maalum ya buleti za Lucas, zile terminali za duara kama risasi kwenye umeme wa magari ya Kiingereza
d) AF8, krimpa ya kampuni ya Daniels, mtumba. Muuzaji anasema "ndiyo ya jeshi" na bei yake inatisha

Ipi inatosha? Au nipige solda kila mahali nimalize?

fundi_gerezani
Mkuu, (a) ibaki ya kukatia waya tu. Ile haina kipimo, inabana kwa nguvu ya mkono wako. Terminali ya asubuhi na ya jioni hazitafanana. Racheti haikuachii mpaka ifike mwisho, hapo ndipo thamani yake ilipo.

Ila usikimbilie racheti bila kuangalia meno. Zinazouzwa mjini nyingi zina meno ya terminali za plastiki: nyekundu waya wa 0.5 hadi 1.5 mm², buluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Ukibana terminali tupu ya shaba kwa meno hayo utapata kitu kilicholala bapa, kwa nje kizuri, ndani waya zinacheza. Anza na terminali zako, kisha utafute meno yake.

BintiKilindini
Naunga mkono. Na hizo za plastiki usizitie kwenye gari hilo kabisa. Huku pwani chumvi inapita nyuma ya plastiki, na miezi michache baadaye ukivuta unakuta unga wa kijani.

Kagua terminali zako, kila moja ina tumbo (sehemu inayobanwa kwenye waya) la aina yake. Kuna zenye mabawa mawili yaliyo wazi: hizo zinataka meno yanayokunja mabawa yote mawili kuelekea katikati mpaka yazame kwenye waya. Bawa la mbele linashika shaba, la nyuma linashika ganda. Angalizo: waya wa kisasa wenye ganda jembamba ni mwembamba kuliko ule wa zamani, bawa la nyuma linaweza kubaki linaelea. Zenye tumbo la bomba lililofungwa zinataka jino la kudidimiza au la pembe sita. Fremu moja nzuri ya racheti na seti mbili tatu za meno inafanya hizo zote.

Nanyuki109
Asante dada. Nimekagua: taa zote ni buleti zinazoingia kwenye vipira vyeusi. Za ardhi na za jenereta ni za duara, zenye tundu la bolti. Halafu kuna plagi mbili za chuma za kuzungusha, upande wa redio.

mzee_leeds
Buleti hizo za Lucas ni za 4.7 mm. Usikubali dukani wakupe za Kijapani, zile ni 3.9 mm. Zinaingia kwenye kipira cha Lucas, zinakaa, taa inawaka, ukipita kwenye barabara ya mawe inazima na kuwaka. Tofauti haizidi milimita moja lakini ndiyo inayokulaza njiani.

Buleti inauzwa kwa ukubwa wa waya. Wa taa za pembeni ni 14/0.30, maana yake nyuzi 14 za 0.30 mm, jumla karibu 1 mm². Kwa mzigo zaidi kuna 28/0.30, karibu 2 mm². Kwa buleti za kubana, (c) ina thamani ya pesa yako: inabana shingo bila kuharibu umbo la kichwa. Koleo la kawaida linaacha kichwa cha yai, na kichwa cha yai hakiingii kwenye kipira.

Lakini mimi bado napiga solda. Buleti ya solda ina tundu dogo puani. Unachuna waya, unausukuma mpaka nyuzi zichungulie kwenye tundu, unapasha moto ubavuni, unalisha solda puani, kisha unapiga tupa kidogo. Magari yaliyofungwa hivyo miaka ya 60 bado yanatembea huku.

fundi_gerezani
Shikamoo mzee. Yanatembea, sawa, na mengine yamekatika. Solda inapanda ndani ya nyuzi kupita pale ulipoiweka. Waya unakuwa mgumu kama sentimita moja au mbili, halafu ghafla unakuwa laini. Injini ikitetema, unakatika pale pale ugumu unapoishia, ndani ya ganda, na kwa macho huoni kitu. Terminali za duara kwenye jenereta usiguse kwa solda.

mzee_leeds
Marahaba. Kwenye jenereta sibishi, huko bana. Buleti ni jambo jingine: kipira kinaishika na waya umefungwa kwenye fremu kwa klipu, kwa hiyo haupati nafasi ya kujipinda. Solda kidogo, moto mkali, muda mfupi. Anayelehemu kwa chuma cha solda kisicho na moto wa kutosha dakika nzima ndiye anayepandisha solda hadi kwenye ganda.

BintiKilindini
Mimi nakaa katikati: buleti nabana kwa (c), basi. Solda baada ya kubana siongezi, sioni inaongeza nini zaidi ya ule ugumu.

M35_minnesota
Naingilia kwa upande wa magari ya jeshi ya Kimarekani, maana kuna atakayesoma akiwa na lori la M35 au jipu la M151. Huko hakuna buleti za Lucas. Kuna viunganishi vya Packard na Douglas, terminali ndani ya ganda la mpira. Ya Douglas ina kikombe cha shaba na washa (kiringi bapa) yenye mkato inayozuia kikombe kisitoke kwenye mpira. Tumbo lake ni bomba lililofungwa, basi racheti yenye jino la kudidimiza inatosha. (c) haina kazi huku. Na mpira upite kwenye waya KABLA ya kubana. Paka grisi ya silikoni ndipo uvute. Vibati vyenye namba ya waya usivitupe, bila hivyo mchoro wa jeshi hausomeki.

Nanyuki109
Na AF8 je?

M35_minnesota
AF8 ni chombo halali cha jeshi, namba yake M22520/1-01. Inadidimiza pande nne, mara nane kwa mbano mmoja, kwa waya wa geji 12 hadi 26 (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya). Lakini ni ya pini za kuchongwa, na inahitaji kichwa cha kuwekea pini kinacholingana na pini yako. Bila kichwa hicho unanunua chuma tu. Fungua kwanza plagi zako za redio. Nyingi za enzi hizo pini zake zina kikombe cha kusoldea nyuma, hazibanwi kabisa.

Nanyuki109
Nimefungua. Ni vikombe. Solda iko ndani mpaka leo.

fundi_gerezani
Basi (d) mwachie muuzaji. Chukua (b) yenye meno ya bawa na ya kudidimiza, ongeza (c) kwa buleti. Na plagi za redio mpe mzee wa Leeds asolde 😀

Kabla ya kugusa gari bana terminali za majaribio. Waya wa 2 mm² funga juu, ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji, liache dakika moja. Likianguka, meno si yake au waya si wake. Kisha kata mbano mwingine kwa msumeno, sugua kwa msasa laini, uangalie kwa lenzi. Nyuzi ziwe zimebanana hadi zipoteze uduara. Ukiona matundu meusi kati yake, hewa na maji vitapita.

mzee_leeds
Kuna na koleo la kusukumia buleti kwenye kipira, lina midomo miwili yenye mkato. Kwa vidole utaumia, kwa bisibisi utatoboa kipira. Buleti ikifika mahali pake unaisikia, kisha vuta waya kidogo uhakikishe.