Natakiwa nichague mji Ujerumani kabla ya tarehe 30: wapi nyumba za zamani bado zinalipika?

BintiRufiji

Mwangaluka wakuu, wa Mwanza na wa kwingineko.

Mimi ni muuguzi, miaka 31, nipo hapa Mwanza. Ngazi ya B1 ya Kijerumani nimeshaipata, B2 naimalizia, mkataba umetoka. Mwajiri ana hospitali kwenye miji mitatu, Leipzig, Chemnitz na Würzburg, na amenipa hadi tarehe 30 niseme naenda wapi. Mpaka cheti changu kitambuliwe kule, mkononi nitakuwa napata kama euro 1,900. Mama yupo Sengerema na mwanangu wa miaka 5 anabaki naye kwa sasa, kwa hiyo kila mwezi kuna cha kutuma. Kodi pamoja na maji na joto isizidi 550. Nataka vyumba viwili, maana mtoto atanifuata.

Sasa ombi langu litawachekesha: nataka nyumba ya zamani.

Nimekulia ghorofani Mtaa wa Rufiji, nyumba iliyojengwa na Wahindi, juu ya mlango wa mbele pameandikwa 1938 kwa saruji. Ngazi za mbao, na ya tatu kutoka chini ilikuwa inalia. Bibi alikuwa amelala chumbani anajua nani anapanda kwa ule mlio tu; kaka yangu akichelewa aliiruka, na bibi akawa anamjua kwa kimya chake. Kuta nene, Oktoba jua linapowaka wewe ndani unajiona kama upo chini ya mwembe. Roshani ya mbao ukikaa jioni unaona kipande cha ziwa. Mwaka juzi nyumba ya jirani ilivunjwa, likapanda ghorofa la vioo, na sasa dirisha la jiko letu linatazama kiyoyozi cha mtu. Mimi mwenyewe nimepanga Nyakato, nyumba mpya, vigae, jipsamu, feni. Sina ugomvi nayo. Ila nikiamka usiku huwa nachukua muda kujua nipo wapi.

Maswali: mji gani? Mitaa ipi? Na la tatu, kuna jamaa nimempata mtandaoni ana nyumba Leipzig, dari ina maua ya plasta, sakafu ya mbao, euro 380 kila kitu ndani. Anasema yupo nje ya nchi, nitume euro 760 za dhamana halafu ufunguo atautuma kwa posta. Picha ni nzuri mno. Nifanyeje?

SatoWaKayenze

Dada, watu wa Makoroboi wanaomba nyumba zao zivunjwe walipwe, wewe unazifuata Ulaya kwa ndege 😂 Naweka kigoda hapa nisome.

BabuKamanga

Chukua Würzburg, usijichoshe. Ni mji dada wa Mwanza tangu 1966. Kule ukisema unatoka Mwanza huelezi mara mbili, na Bugando wanaijua. Ugenini kujulikana ni nusu ya kodi.

NesiWaSachsen

BabuKamanga, shikamoo. Udugu upo kweli, lakini mdogo wetu anatafuta nyumba za zamani, na Würzburg iliungua. Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Waingereza ziliichoma kwa dakika zisizozidi 20 hivi, karibu mji wa kati wote ukateketea. Makanisa na majengo makubwa unayoyaona kwenye picha, mengi yalijengwa upya baada ya vita. Halafu ni mji mdogo, wanafunzi wengi, upo Bavaria, jimbo la gharama. Oktoba vyumba vinagombaniwa kama daladala za Igoma saa kumi na mbili jioni.

BintiRufiji, kwanza la tatu: USITUME HELA. Sijaandika herufi kubwa kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba aliye "nje ya nchi" na ufunguo wa posta ni wizi wa kila siku huku. Nyumba hiyo ipo, picha ni za kweli, ila si yake. Hakuna dhamana kabla ya kuingia ndani na kusaini mkataba.

Dhamana yenyewe, Kaution, sheria imeiwekea kikomo: isizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya mwezi mwezi. Na dalali hulipwa na aliyemwita. Tangu 2015, kama ni mwenye nyumba ndiye aliyemtafuta dalali, wewe mpangaji hudaiwi senti. Sio kama kwetu unamlipa dalali mwezi mzima kwa kukuonyesha geti, halafu unalipa miezi sita kwa mkupuo.

Sasa nyumba. Mimi nipo Leipzig mwaka wa sita. Neno unalotafuta kwenye matangazo ni Altbau, yaani nyumba ya zamani. Nyingi zilijengwa kati ya 1871 na 1914, viwanda vilipokuwa vinashamiri, na Leipzig ni miongoni mwa miji ya Ujerumani yenye nyingi zaidi. Dari mita tatu na zaidi, milango miwili miwili, maua ya plasta, ngazi za mbao zinazolia (utafurahi). Enzi za ujamaa wa Ujerumani Mashariki zilitelekezwa, baada ya 1990 watu wakakimbilia magharibi, mitaa mizima ikabaki mitupu. Ndiyo maana zilikuwa za bei ya kutupa. ZILIKUWA. Watu wamerudi, mji umevuka laki sita, bei imepanda. Plagwitz na Südvorstadt sahau kwa 550. Lindenau na Reudnitz ukibahatika. Upande wa mashariki kuzunguka Eisenbahnstraße ndiko wageni wengi tulipo, unga wa ugali na bamia unapata, nywele unasukwa, ila usiku pana vurugu zake, na hata kule bei haikungoji.

Piga hesabu mwenyewe. Huku kuna kodi baridi na kodi moto. Baridi ni nyumba tupu, moto ni pamoja na maji, taka na joto. Umeme unalipa pembeni. Mita za mraba 55 Leipzig kwa euro 9 ni 495 baridi, weka 160 juu yake, umefika 655. Umeshapitiliza.

FundiRoshani

Nami nishuhudie, maana nilipenda hayo maua ya darini yakanitia adabu.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Altbau ghorofa ya chini, kona, euro 300 baridi. Nikajiona mjanja. Madirisha yalikuwa ya zamani, yale ya mawili mawili yenye nafasi katikati. Majira ya baridi nilikuwa naweka siagi na maziwa humo, friji nimezima. Hapo ndipo ningestuka, kama katikati ya dirisha maziwa yanakaribia kuganda, joto langu linakwenda wapi? Mwaka ulipofungwa ikaja barua ya hesabu ya joto: niongeze euro 640. Nilikaa kwenye ngazi.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, acha kuangalia dari. Angalia chini ya dirisha kuna hita ya aina gani. Ikiwa ni joto la mji linaloletwa kwa mabomba, au gesi, endelea kuongea. Ikiwa ni yale makabati ya umeme yanayochaji usiku, aga kwa heshima. Pitisha mkono kwenye kingo za dirisha kama kuna upepo. Nusa kona ya chumba cha kulala nyuma ya kabati, ukungu una harufu. Nyumba ya kona, ya chini kabisa na ya juu kabisa chini ya paa zina bei nafuu kwa sababu. Iliyo katikati, ina majirani juu na chini, wao ndio blanketi lako.

Lingine ambalo halikuandikwa kwenye mkataba wangu: jiko. Nyumba nyingi unakabidhiwa jiko likiwa kuta nne na bomba limetokeza ukutani. Hakuna sinki, hakuna kabati. Aliyehama kaondoka nalo. Nilipika wiki tatu kwa jiko la umeme la sahani moja juu ya begi la safari. Kwenye tangazo tafuta herufi EBK, maana yake jiko limo.

DadaKassberg

Mimi nipo Chemnitz na sielewi kwa nini huu mji hautajwi. Kuna kilima kinaitwa Kaßberg, dakika kama 15 kwa mguu kutoka katikati ya mji, na ni moja ya sehemu kubwa za nyumba za enzi hizo Ujerumani nzima. Mji wa kati ulipigwa sana 1945, Kaßberg kwa sehemu kubwa ikabaki. Mtaa baada ya mtaa, nyuso za watu na majani yamechongwa juu ya milango. Bei kwa nyumba ya kawaida iliyokarabatiwa ni kama euro 6 kwa mita. Mita zile zile 55 ni 330, weka 150, umepata 480 moto. Mtaa wa Sonnenberg bei ni chini ya hapo, ila nyumba nyingine bado zimechoka.

Dhamana ya miezi mitatu ni 990, kwa mafungu ni 330 mara tatu. Leipzig kwa treni ni saa moja, unaenda kununua unga na kurudi.

BintiRufiji

Asanteni sana. Yule wa 760 nimemuuliza kama rafiki yangu anaweza kwenda kuiona nyumba, amenifungia. Jibu nimelipata.

DadaKassberg, niulize bila kuzunguka. Nimesoma kuhusu Chemnitz na 2018. Mimi ni mweusi, nitakuwa natoka zamu saa nne usiku, na mtoto anakuja. Ukweli?

DadaKassberg

Ukweli. Agosti 2018 kuna mtu aliuawa kwa kisu, watuhumiwa wakawa wakimbizi, na makundi ya wenye chuki yalijaza mji siku kadhaa, wakawafukuza watu wenye sura ya ugeni mitaani. Sikuwepo, nimekuja baadaye, lakini waliokuwepo wanakumbuka. Chama kinachopinga wageni kina kura nyingi hapa na jimbo letu lote la Sachsen, Leipzig ikiwa na nafuu kidogo.

Maisha yangu ya kila siku: wodini mgonjwa mmoja alikataa nimguse, mkuu wa zamu akamwambia basi asubiri, akasubiri saa mbili kisha akanikubali. Kaßberg jirani yangu mzee huniletea keki kila Desemba na hunigombeza nikitupa karatasi kwenye pipa la plastiki. Kwenye tramu usiku huwa nakaa karibu na dereva. Nimezoea, na sipendi kwamba nimezoea. Kwa mtu peke yake ningesema njoo. Kwa mtoto, uone kwanza kwa macho yako kabla hujamleta.

MpembaWaMwaloni

Samahani nivunje ngoma. Mbona hakuna anayezitaja flati? Mmewahi kuona maghorofa ya Michenzani kule Unguja? Waliotusaidia kuyajenga ni hawa hawa Wajerumani wa Mashariki. Grünau kule Leipzig ni Michenzani tupu, ila kuna lifti, joto la bomba, shule chini, tramu mlangoni. Ndugu yangu analipa 430 moto vyumba viwili na jiko limo. Mama mwenye mtoto na zamu za usiku anahitaji joto, sio maua ya plasta.

FundiRoshani

Mpemba kasema kweli na inauma.

NesiWaSachsen

Ni kweli ila si lazima aamue akiwa Mwanza. BintiRufiji, muulize mwajiri kama wana bweni la wafanyakazi. Hospitali nyingi wanalo, chumba kimoja, jiko la pamoja, bei ndogo. Omba miezi mitatu hadi sita. Ukishafika una wiki mbili kujiandikisha serikali ya mtaa, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha unaishi pale. Bwenini wanakupa siku hiyo hiyo. Bila huo usajili mambo mengi yanakwama. Halafu ukiwa na hati tatu za mshahara mkononi, mwenye nyumba anakusikiliza. Ukiwa Mwanza na barua pepe tu, wewe kwake ni sawa na yule jamaa wa 760.

Ukipata nyumba jiunge na chama cha wapangaji, ada ni ya mwaka. Barua ya hesabu ya joto ikija, wanaikagua wao. Fundi angejiunga pengine ile 640 ingepungua.

FundiRoshani

Ilipungua. 410. Nilijiunga nikiwa bado nimekaa kwenye ngazi.

BintiRufiji

Nimerudi. Nimeongea na mwajiri leo. Chemnitz wana bweni, euro 260, miezi sita. Leipzig bweni limejaa hadi mwakani. Würzburg hawakunijibu, BabuKamanga unisamehe. Nimeandika Chemnitz.

Nyumba nitaitafuta nikiwa pale pale, kwa miguu. Na Michenzani pia nitaingia nikaione, Mpemba, sijafunga mlango. Jana nilipita Rufiji, nikapima dirisha la chumba cha bibi kwa futi kamba, nikapima na unene wa ukuta. Sentimita 46. Mwenye duka la chini akaniuliza kama nimetumwa na wanaotaka kununua.

DadaKassberg

Za huku zinazidi hapo kidogo kwa ghorofa za chini, uje upime. Nipe tarehe, nitakungoja stesheni. Dagaa wa Kirumba njoo nao, samaki mkavu wanamruhusu kwa matumizi yako. Nyama na maziwa usithubutu, wanakunyang'anya uwanja wa ndege.

SatoWaKayenze

Dagaa wanapanda ndege kabla yangu.