Mimi ni panki na tunaendesha jiko la mtaa. Nikijiandikisha kupiga kura, nimewasaliti wenzangu?

NgomaZaEastlands
Habari zenu. Naomba ushauri wa dhati, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Napiga ngoma kwenye bendi ya panki (roki ya kasi, ya watu wasiopenda kutawaliwa) hapa Nairobi. Tangu mafuriko ya Aprili 2024, watu tisa tunapika kila Jumamosi kwa yeyote anayekuja: githeri, siku nyingine wali na ndengu. Hatuna mfadhili wala mwenyekiti. Maharagwe tunayaloweka Ijumaa usiku kwenye pipa la bluu, na sufuria yetu kubwa iling'oka mkono mmoja, tukaufunga kwa waya. Tunaamua kila kitu tukiwa tumekaa duara. Huo ndio upanki ninaoujua mimi. Nywele na jaketi ni mapambo.

Shida ilianza niliposema nataka kujiandikisha kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Mwenzetu mmoja, ambaye kwangu ni kaka kabisa (ndiye aliyenifundisha kushika vijiti vya ngoma), aliweka mwiko chini akaniambia, "Ukiwapa kura umewapa ruhusa ya kukutawala. Usiushike mwiko huu tena." Wengine wakanyamaza. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Namwelewa. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa naye mjini kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Tulimbeba kijana aliyepigwa risasi ya paja hadi kwa waliokuwa wakitoa huduma ya kwanza, nami nikabaki na kiatu chake kimoja mkononi. Lakini nina miaka 24, sijapiga kura hata mara moja, na mfereji wa maji wa hapa kwetu umefungwa kufuli miezi sasa. Wa kulifuatilia suala hilo kwenye kaunti ni mwakilishi wa wadi, na hatumwoni. Je, kura na kazi yetu vinapatana? Na nikienda, nitarudije kwenye duara?

HakunaBwana
Ndugu, kaka yako ana haki, ingawa kukunyima mwiko ni kosa. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi mpya, ulipitishwa na wabunge 195 dhidi ya 106. Wengi wa hao 195 tuliwapeleka sisi kwa kura. Uliangushwa na nani? Watu barabarani. Rais alitangaza kesho yake kwamba hatautia saini, na kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu maandamano ya mwaka ule yalichukua watu wasiopungua 60. Katiba ya 2010, kifungu cha 104, inasema tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kwisha. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Mimi sipigi kura. Siku ile nitakuwa napika.

Fotokopi77
Naona watu wanadhani panki ina jibu moja kuhusu kura. Haijawahi kuwa nalo. Bendi ya Crass ya Uingereza (1977 hadi 1984) waliishi pamoja kwenye nyumba moja karibu na mji wa Epping na kukataa vyama vyote, vya kulia na vya kushoto. Miaka hiyo hiyo, 1979, Jello Biafra, mwimbaji wa bendi ya Dead Kennedys, aligombea umeya wa San Francisco akapata kura zaidi ya 6,000. Alishindwa, lakini angalia alichodai: polisi wapigiwe kura na mitaa wanayoilinda, na wasio na makao waruhusiwe kuishi kwenye majengo matupu ambayo wamiliki hawayalipii kodi ya serikali. Hayo ni madai ya mtaani kabisa. Mwaka 2004 mapanki wa Marekani walihamasisha vijana kwa nguvu zote wamwondoe Rais Bush, na Bush akashinda. Kule Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, 2010, Jón Gnarr, aliyekulia kwenye panki, aliunda chama kikapata viti 6 kati ya 15, akawa meya miaka minne.

Ila wanaofanana nanyi hasa ni Food Not Bombs, walioanza Cambridge, Massachusetts, mwaka 1980. Walikuwa wakipika na kugawa bure kama nyinyi. San Francisco wakaanza kukamatwa mwaka 1988 kwa kugawa chakula bustanini bila kibali. Fikirieni hilo. Siku kanjo (askari wa kaunti) wakija kumwaga sufuria yenu, amri itakuwa imetoka kaunti, na kaunti ina watu waliochaguliwa, mmepiga kura au hamkupiga.

MtuWaKirumba
Wakuu, mimi niko Mwanza. Huku Oktoba 29, 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, intaneti ikazimwa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Sikwenda, kwa sababu sikuona cha kuchagua. Nyinyi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, inabandikwa mlangoni mwa kituo, mtu anajumlisha mwenyewe. Kususia kwangu na kususia kwenu ni vitu viwili tofauti. Ningekuwa hapo ningepiga, halafu ningekesha kituoni hadi zihesabiwe.

MamaWaJevanjee
Mwanangu, nilikaa kwenye mabenchi ya bustani ya Jevanjee na Bunge la Mwananchi, baraza la wananchi la kujadili siasa, ukiwa bado mtoto. Kura ya urais naipiga tangu 1992 na sijaona choo ilichonijengea. Ya wadi ni habari nyingine. Utapewa karatasi sita, na ile ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ndiyo wengi huitia alama bila kusoma majina, ilhali huyo ndiye utakayekutana naye dukani.

Andikeni madai yenu: mfereji, takataka, ruhusa ya kupika. Waiteni wagombea wote Jumamosi moja, wakae chini kwenye duara kama wengine, wajibu mbele ya watu wenye sahani mikononi. Wasipewe maikrofoni. Wasilete unga wala fulana. Asiyepiga kura naye anaweza kuandika madai hayo na kuyasimamia miaka yote mitano, tena huenda akakuzidi.

Kaka yako usimwendee na hoja. Mwendee Ijumaa usiku wakati wa kuchambua maharagwe.

HakunaBwana
Mama, hilo la kuwaita nakubali. Ila mgombea asipigwe picha na sufuria. Picha moja tu, na kesho mtaa mzima utasema jiko ni lake.

NgomaZaEastlands
Nimerudi. Nilikwenda Ijumaa. Karibu saa nzima hatukusema neno, tulichambua tu. Kisha akaniuliza kama kile kiatu bado ninacho. Nikamwambia kipo chini ya kitanda. Akalia, nami nikalia.

Jumamosi tulikaa duara. Jiko halitakuwa na mgombea, picha hakuna, kura ni uamuzi wa kila mtu. Yeye hajiandikishi na sitamwuliza tena. Mimi Jumanne naenda ofisi ya IEBC (tume ya uchaguzi) ya eneobunge na kitambulisho changu. Madai tumeyaandika pamoja, la mfereji ni la kwanza, na mwandiko ni wake. Mwenye mashine ya fotokopi karibu na Buruburu aniandikie tafadhali, tunahitaji nakala 200.