Mada: Majaribio ya sayansi ya Halowini – nani ameshafanya?

Mama Tanga, Minneapolis

Habari zenu ndugu. Mwanangu wa darasa la 3 kaja na karatasi ya mwalimu: kila mtoto alete jaribio moja la sayansi la kutisha kabla ya tarehe 31 Oktoba. Hii Halowini mpaka leo haijaniingia. Kwetu ukitaja mizimu usiku unaambiwa ufunge mdomo, huku wanaitundika mlangoni! Ila mtoto kashikilia. Nipeni la bei nafuu, lisilochoma nyumba ya watu.

Mwalimu, Columbus

Dada, fanya boga linalotapika. Wanangu watatu wote wamelipitia.

Chukua boga, toa matumbo, kata macho na mdomo mpana. Ndani simamisha chupa ndogo ya plastiki yenye nusu kikombe cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya chupa ya kahawia inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya vidonda. Tia kijiko cha sabuni ya vyombo. Pembeni koroga hamira kijiko cha chai kwenye maji ya vuguvugu, ngoja dakika moja, mimina humo chupani, rudisha kifuniko cha boga upesi. Povu litatokea mdomoni, likizidi na machoni.

Sasa usiwaache wapige makofi waondoke. Mwambie mtoto aishike chupa kwa nje: imepata joto, na hakuna aliyewasha jiko. Hamira ina kimeng'enya, yaani kile kitu cha mwili hai kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, joto likatoka humo humo, na sabuni ikaidaka ile oksijeni ikawa povu. Halafu rudieni kwa hamira iliyokorogwa na maji yanayochemka. Povu halitoki, kwa sababu kimeng'enya kimeharibika. Binti yangu alijifunza zaidi kwenye boga lililogoma kuliko lililotapika.

Fanyia bafuni, ndani ya beseni la kuogea. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia siki na soda ya kuokea, nikatia rangi nyekundu ili ionekane damu, juu ya kapeti la nyumba ya kupanga. Pesa ya amana sikuiona tena.

Na mkitumia siki, chupa ya jiki iwe mbali kabisa. Vikichanganyika vinatoa klorini, na hiyo haina mchezo. Barafu kavu nayo, ile ya gesi ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa, inauzwa kwenye masupamaketi mengi na moshi wake unapendeza, lakini ina nyuzi 78 chini ya sifuri: inababua ngozi, ukiifungia kwenye chupa inapasuka, na ukiibeba garini vioo viwe wazi. Kwa mtoto wa darasa la 3 mimi ningeiruka.

Muuguzi, Portland, Maine

Mimi naongeza moja isiyo na uchafu. Nunueni maji ya toniki, ile soda chungu, zimeni taa, myamulike kwa zile taa za zambarau za sherehe. Yanawaka buluu kama macho ya jini. Ni kwinini iliyomo: inapokea miale ya urujuanimno ambayo jicho halioni, inairudisha kama mwanga ambao jicho linaona. Wekeni na glasi ya maji ya kawaida pembeni, mtoto alinganishe.

Msiogope mtoto akionja tone. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 hivi kwa lita, na kidonge kimoja cha malaria kilikuwa na 300. Mimi ni wa Bukavu, kwetu ile miti ya kwinini inalimwa, magome yake ndiyo dawa. Majirani zetu Warwanda na Warundi kidonge chochote, hata cha kichwa, wanakiita ikinini. Basi wanangu waliponuna kwa ule uchungu nikawaambia, babu yenu alikuwa anautafuna huo, bila sukari.

Baba, Houston

Samahani jamani, sisi nyumbani hatusherehekei kabisa, ni suala la dini. Watoto wanabaki wanatazama wenzao.

Mwalimu, Columbus

Kaka, boga halijui tarehe. Subiri Novemba, yanauzwa kwa bei ya kutupa. Kata kipande, tia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, funga kabisa, kingine weka friji. Watoto wachore kila jioni ukungu ulipofika. Ila mfuko usifunguliwe, utupwe ulivyo.

Mama Tanga, Minneapolis

Mrejesho. Nilianza na boga, likagoma: nilichemsha maji ya hamira kabla sijasoma vizuri. Kijana akanisomesha mimi kuhusu kimeng'enya, kwa Kiingereza, mkono kiunoni. La pili likatapika mpaka kwenye taulo.

Ila shuleni kapeleka toniki. Mwalimu akamuuliza kwinini ni nini, akajibu ni dawa aliyokunywa mama yake alipokuwa na homa Tanga, masikio yakawa yanavuma. Hiyo nilimsimulia mara moja tu, sikujua kama alisikia. Chupa iliyobaki iko kwenye friji, kaibandika karatasi: ISINYWEWE.