Programu moja Ctrl na minus inapunguza ukurasa, nyingine inafuta mstari wa mtu. Hivi hawa watu hawaongei?

Wakuu, habari za mchana. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye jukwaa la utani, niko siriasi na nimekasirika.

Mimi ni mtu wa steshenari. Kutwa nzima Chrome iko wazi kwa ajili ya fomu za watu, Word kwa CV na barua za maombi, Excel kwa listi za vikoba na michango ya harusi, CorelDRAW kwa stika na kadi. Nahama dirisha hili kwenda lile mteja akiwa amenisimamia mgongoni, vidole vinaenda vyenyewe. Na kazi ninayoirudia kuliko zote siyo kuchapa wala kuprinti, ni kuzumu. Nikuze nione jina limeandikwaje, nipunguze nione ukurasa mzima umekaaje.

Sasa angalieni huu upuuzi. Kwenye Chrome ukibonyeza Ctrl na minus, ukurasa unapungua. Ctrl na 0, unarudi asilimia 100. Safi, hata aliyeanza kushika kompyuta jana anaelewa. Hamia Excel na vidole vilevile: Ctrl na minus ni kufuta. Ukiwa kwenye seli ya kawaida kinatokea kiboksi kukuuliza zilizobaki zisogee wapi, hapo bado una bahati. Ukiwa umechagua mstari mzima hakuna cha kiboksi wala swali, mstari unaondoka na jina la mama wa watu na hela yake, ya chini inapanda kuziba pengo, na jumla inajirekebisha kimya kimya kama vile huyo mama hajawahi kuchanga. Ctrl na 0 nayo inaficha kolamu. Unatafuta kolamu ya salio huioni, ukikazia macho zile herufi za juu unakuta D halafu F.

Nenda Word. Ctrl na 0 haihusiani na ukubwa wa kuonekana, inaweka nafasi ya pointi 12 juu ya aya uliyopo, ukirudia inaitoa. Ctrl na alama ya sawasawa, ambayo kwenye brauza inakuza, kwenye Word inashusha herufi chini ya mstari kama ile 2 ya kwenye fomula ya maji. Ctrl na minus inapachika kistari cha kukatia neno ambacho hutakiona mpaka neno lifike mwisho wa mstari. Yaani Word na Excel, tumbo moja, kifurushi kimoja, na hata zenyewe kwa zenyewe hazijakubaliana.

Najua Excel ina vitufe vyake vya kuzumu, Ctrl na Alt na sawasawa kukuza, Ctrl na Alt na minus kupunguza. Hebu uone ukatili wenyewe: tofauti ya kupunguza na kufuta ni kidole kimoja kilichochelewa kufika kwenye Alt.

Msinielewe vibaya, sidai programu zote zifanane. Ninachodai ni kimoja: kuzumu ni kutazama. Fundi saa akivaa ile lenzi yake jichoni hajaongeza wala kupunguza kitu ndani ya saa. Vitufe vya kutazamia visiwe vilevile vya kubadilishia kazi ya mtu. Basi.

CorelDRAW sasa. Ukitaka kukuza kuna F2, kupunguza F3, na F4 inakuonyesha vitu vyote ulivyochora. Ukizoea ni tamu sana, sina ugomvi nazo. Lakini aliyezoea alama za kujumlisha na kutoa kwingineko atagusa + ya pembeni kule kwenye namba, na hiyo kwa CorelDRAW ni kunakili kitu ulichokichagua na kukiweka juu ya kile kile, palepale, bila kuhama hata nywele. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Ukituma kwenye printa ya kawaida huenda usijue mpaka kesho. Ukituma kwenye plota ya kukata stika, kisu kinapita mara ya kwanza vizuri, kinamaliza herufi zote, halafu kinarudi mwanzo kupita njia ile ile. Safari ya pili kinazama mpaka kwenye karatasi ya nyuma, na vile vikona vya herufi ndogo vinang'oka na kujikunja kwenye kisu. Vinili hiyo imekwenda na maji, na bosi hataki kusikia habari za kitufe.

Gurudumu la mausi ndiyo kesi nyingine. Microsoft walitoa mausi yao ya gurudumu, IntelliMouse, mwaka 1996, na Office 97 ikaja na mpango wa kushika Ctrl huku unazungusha ili kuzumu. Wazo zuri na mpaka leo linafanya kazi Word, Excel na brauza. Kwenye machaguo ya Excel bado kuna kiboksi kinachoitaja IntelliMouse kwa jina. Ukikitiki, gurudumu linazumu bila Ctrl. Sasa kama mwenye mashine kabla yako alikitiki, utazungusha ushuke chini kwenye listi, listi inakukimbia machoni.

Kwa hiyo tangu 1996 tulikuwa na Ctrl na gurudumu, mngeishia hapo. Hapana. Photoshop na Illustrator wanataka Alt na gurudumu, ukishika Ctrl turubai linakwenda kushoto na kulia. CorelDRAW na AutoCAD wanazumu kwa gurudumu tupu, hushiki chochote. Na ukifika SolidWorks ndiyo kabisa: kwa mpangilio iliyokuja nao, ukisukuma gurudumu mbele kitu kinakwenda mbali, wakati AutoCAD ukisukuma mbele kinakuja karibu. Wanachuo wa uhandisi wanaokuja kuprinti michoro huwa nawaangalia wakikaa kwenye mashine yangu: wanazungusha, wanasonya, wanazungusha upande wa pili. Na AutoCAD wenyewe wana mpangilio unaoitwa ZOOMWHEEL wa kugeuza upande, maana yake wanajua fika watu wanateseka.

Wenye laptopu msijione mmepona. Kupanua vidole viwili kwenye tachipedi, Chrome inaipokea na kuupa ukurasa taarifa ileile ya gurudumu lililozungushwa huku Ctrl imeshikwa. Ndiyo maana kurasa za ramani au za kuchorea zikijipangia mambo yake na Ctrl, vidole vyako vinafanya kitu ambacho hukukusudia. Halafu kuna hii ya vidole viwili kuskroli na vidole viwili kuzumu. Kwenye tachipedi za bei rahisi, zenye jasho la Dar mwezi wa pili, mashine haijui kama umeshuka au umepanua. Unasoma tangazo la kazi, ghafla herufi moja imejaa skrini nzima. Huo mchezo unazimika kwenye Windows, mipangilio ya tachipedi, sehemu ya kuskroli na kuzumu, toa tiki ya kubana vidole. Nimeizima na sijaikumbuka hata siku moja.

Halafu kuna hili ambalo limewahi kunitoa jasho mbele za watu. Word inahifadhi kiwango cha zumu ndani ya faili. Mteja analeta fleshi, CV imehifadhiwa kwa asilimia 50, ikifunguka anashtuka: "Kaka, mbona maandishi yangu umeyapunguza?" Namwambia dada sijagusa, ni zumu tu. Haamini. Mwingine ni kinyume chake, namkuzia asilimia 170 asome vizuri kwa sababu hana miwani, anasema maandishi makubwa mno, punguza. Namwambia ni kwenye skrini tu mama, kwenye karatasi yatakuwa ya kawaida. "Mwanangu we punguza." Ukimsikiliza ukapunguza herufi zenyewe, unaprinti barua yenye herufi za sisimizi, anairudisha, na karatasi ni yako. Hivi wanashindwa nini kuandika kwa herufi zinazosomeka, hapo hapo juu ya ukurasa, kwamba hivi sivyo itakavyotoka? Asilimia imefichwa kwenye pembe ya chini kulia, ndogo kuliko kila kitu.

Mifumo ya mtandaoni ya ofisi zetu ndiyo sitaki hata kuianza. Kuna mmoja, ofisi sitaitaja, maandishi yake madogo, ukikuza kidogo tu kile kitufe cha kutuma kinazama chini ya ule ukanda wa chini na ukurasa hauskroli tena. Inabidi ujaze ukiwa umekuza, halafu upunguze ndipo utume. Mzee wa miaka sabini akijaza peke yake nyumbani atajuaje? Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, tangu 2008 inataka maandishi yakuzike mpaka asilimia 200 bila kupoteza kitu, na ya 2018 ikaongeza kwamba ukurasa ujipange upya hata ukifika asilimia 400 bila kumlazimisha msomaji kuskroli kushoto na kulia. Siyo siri, iko wazi kwa kila anayejiita developa.

Na wale wa "si ubonyeze Ctrl na Z" nawaona mnakuja. Ctrl na Z, ile ya kutengua ulichofanya, inamsaidia aliyeona kilichotokea. Mimi nilikuwa nataka kupunguza kwa sababu listi haijaenea kwenye skrini, sasa mstari uliofutika nitauonea wapi?

Nachojua mpaka sasa ni kwamba Excel unaweza kuinyima Ctrl na minus kwa makro (maagizo unayoiandikia Excel ijiendeshe) ya mstari mmoja, ile OnKey. Tatizo mashine zetu zinapokea fleshi za kila aina, na bosi makro zote kazifungia kwa kuogopa virusi. Mwenye njia nyingine ya kukizima hicho kitufe bila makro na bila kununua programu aiweke hapa. Wa "hamia Linux" pitieni kushoto, mteja wangu analeta faili la Excel.