Tupeane uzoefu: ni kitu gani kiliharibika kwenye majengo ya chuoni kwenu, na kilichukua muda gani kutengenezwa?

Fundi Daftari
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi bomba katika idara ya miliki ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na mwakani nastaafu baada ya miaka 27 kazini. Naomba tupeane uzoefu kuhusu majengo ya vyuo: mabweni, madarasa, maktaba, vyoo. Habari za uzinduzi tunaziona kwenye taarifa ya habari. Mimi natamani kusikia yanayotokea miaka kumi baada ya utepe kukatwa.

Naanza mwenyewe. Tuna bweni la wasichana la ghorofa nne. Maji yanaingia tanki la chini, pampu inayasukuma hadi kwenye matanki ya juu ya paa, halafu yanashuka yenyewe vyumbani. Kule juu kuna swichi ya boya: tanki likijaa inazima pampu, likipungua inaiwasha. Swichi ile ikafa. Ikabidi mlinzi ndiye awe anawasha na kuzima kwa mkono. Usiku akiitwa geti la pili, tanki linafurika mpaka la chini linakauka, na alfajiri mabinti wamepanga foleni na ndoo kwenye bomba la bustanini. Maji yaliyofurika nayo hayakwenda mbali. Yalituama juu ya zege la paa, yakapenya, chumba cha mwisho kikaota ukungu mweusi ukutani. Aliyekuwa akilala humo alikuwa na pumu, akahamishwa katikati ya mitihani.

Niliripoti kesho yake. Swichi ililetwa wiki ya saba. Kuifunga kulinichukua chini ya saa moja.

Yule binti nilikutana naye akibeba godoro kwenye ngazi. Sijasahau. Ndipo nikanunua daftari la kaunta, nikachora safu nne: tatizo, siku liliporipotiwa, siku lilipotengenezwa, kilichotuchelewesha. Baada ya mwaka nikampelekea mkuu wangu. Safu ya nne ilirudia maneno yale yale ukurasa kwa ukurasa: "kifaa hakipo stoo". Mafundi tulikuwepo na kazi tunaijua, ila hatukuwa na koki, washa, boya, bawaba wala vitasa. Mkuu yule, Mungu amjalie, akatupigania tukapata kabati la vifaa vidogo. Fundi anasaini, anachukua, na kila mwisho wa mwezi linajazwa. Tangu siku hiyo bweni lile halijakaa zaidi ya siku mbili bila maji.

Karibuni. Kwa mabaya tusitaje majina ya vyuo, tunataka kujifunza.

Binti Mkuranga
Shikamoo fundi. Umenikumbusha mbali.

Sisi tulisoma enzi za kubebana hasa. Chumba cha watu wawili tulilala watano: wawili wenye chumba na watatu tuliobebwa. Korido yetu ilikuwa na vyumba 16, kwa hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu 32. Usiku tulikuwa zaidi ya 70, kwa vyoo vinne. Kila wiki choo kinaziba, kila wiki tunawalaumu mafundi kwamba hawajui kazi. Nilikuja kuelewa baada ya kuolewa na mtu wa ujenzi. Bomba la maji taka lilipimwa kwa watu 32, na karo, lile shimo la kupokea maji hayo, vilevile. Fundi wa watu anazibua leo, kesho sisi 70 tunaziba tena.

Ndiyo maana mabweni mapya ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalipofunguliwa 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, nilifurahi kama nimepewa mimi. Mdogo wangu aliingia mwaka huo. Alinipigia simu usiku wa kwanza kuniambia ana kitanda chake peke yake.

Fundi Daftari
Marahaba mwanangu. Ungetuambia zamani, tungepumua.

Mkaanga Waya
Fundi, mimi ni wa umeme. La kwetu ni hita za koili.

Wanafunzi wanachemshia maji ya kuoga na chai vyumbani. Hita ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea sita na nusu. Ukiwa na vyumba vinne kwenye laini moja ya soketi, wote wakichomeka saa kumi na mbili asubuhi, hiyo ni ampea 26. Breka ni ya 20. Inaruka. Unaipandisha, inaruka tena. Sasa kuna mtu, sijui ni nani, aliyechoka kuitwa kila asubuhi. Akatoa breka ya 20 akaweka ya 32. Kelele zikaisha, kila mtu akasema umeme umetengemaa.

Breka iko pale kuulinda waya. Waya wa milimita mbili na nusu uliopita ndani ya ukuta haukuongezwa hata kidogo. Nilipofungua dari ya jipsamu kufuatilia harufu, plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na kugandana kwa urefu wa mkono wangu. Juu ya vyumba vya watu waliolala. Nilikaa chini kwanza kabla ya kuendelea na kazi.

Tulirudisha breka ya 20 na kubadilisha waya. Halafu jambo lililosaidia kweli: tulitenga chumba kimoja kila ghorofa kiwe cha kuchemshia, chenye laini yake ya waya mnene na breka yake. Kabla ya hapo tulikuwa tunanyang'anya hita kila wiki na kila wiki zinarudi. Mwanafunzi anahitaji maji ya moto, huwezi kulifuta hitaji hilo kwa tangazo la ubaoni.

Kijana wa Forodhani
Nipo nasoma, endeleeni.

Nondo 16
Niseme ukweli ambao wengine hawatapenda. Wanafunzi nao wanaharibu. Balbu za korido zinaibwa, koki zinang'olewa, milango inapigwa mateke. Mimi nimefunga mlango mmoja mara tatu muhula mmoja.

Mama Usafi
Nondo 16, wapo wanaoharibu, sibishi. Mimi nafanya usafi bweni la wasichana mwaka wa tisa sasa. Naomba nieleze ninachokiona maana sisi huwa hatuulizwi.

Vyoo vyetu vilikuwa vinaziba mno, na kwenye vikao ikasemwa ni uzembe wa mabinti. Mimi ndiye ninayetoa uchafu kwa mikono, najua kilichokuwa ndani. Ilikuwa pedi. Chooni hapakuwa na pa kuzitupa. Pipa lilikuwa moja, nje kabisa, karibu na geti, wanapokaa bodaboda. Binti wa miaka 19 atapita na pedi mkononi mbele ya vijana wale? Haiwezekani. Anaitumbukiza chooni, anavuta maji.

Nilimwambia matroni. Akanunua ndoo zenye mfuniko, moja kila choo, na tukakubaliana nizimwage kila siku asubuhi na jioni. Mwezi uliofuata fundi wa kuzibua aliitwa mara moja tu. Huko nyuma alikuwa anakuja karibu kila juma.

Chemba ikianza kujaa, mimi naisikia kwa harufu siku tatu kabla haijatapika. Bomba likivuja ndani ya ukuta, naona rangi inavimba. Siku hizi Fundi wetu amenipa ruhusa nimpigie moja kwa moja bila kupitia ofisini.

Fundi Daftari
Mama, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Kesho nawafuata wafanya usafi wa majengo yangu yote.

Magurudumu Mawili
Natumia kiti cha magurudumu. Mwaka wa pili jengo letu la mihadhara liliongezewa njia ya mteremko, nikashukuru sana kabla sijaijaribu. Mlangoni pana ngazi nne, kimo chake sentimita 60 hivi. Njia waliyoijenga ilikuwa na urefu wa mita tatu. Nikipanda, kiti kinataka kupinduka kinyumenyume. Ilibidi mwenzangu mmoja asukume na mwingine ashike mbele. Mvua ikinyesha, marumaru waliyoweka inateleza, basi siingii darasani.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja, utembee sentimita 12. Kwa sentimita 60 zinahitajika mita saba na sentimita 20, na vishikio pande zote. Nilipeleka hesabu hiyo imeandikwa kwenye karatasi, na mchoro. Walisema hakuna nafasi mbele ya jengo. Mhandisi mmoja kijana akaja na futi kamba, akanisikiliza, akaikunja njia ifuate ukuta na kupumzika kwenye kona. Ikaenea. Nilipanda peke yangu, mara ya kwanza katika mwaka na nusu.

Lakini kuna lililokuwa rahisi zaidi. Kabla ya njia ile kujengwa upya, karani wa ratiba alihamisha vipindi vyangu vyote kutoka ghorofa ya pili kuja vyumba vya chini. Alifanya hivyo kwa siku moja, bila shilingi. Hakuwahi kuombwa tu.

Mwana wa Kisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, nimesimamia matengenezo ya jengo moja la chuo lililo karibu na bahari. Huku adui ni chumvi.

Dari ya zege ilikuwa ikiangusha vipande. Kila likizo walikuja mafundi wa rangi, wakaziba na kupaka, jengo likang'aa. Baada ya masika vipande vinaanguka tena. Ikawa hivyo miaka mitatu mfululizo. Mara ya mwisho kipande kiliangukia dawati ambalo mwanafunzi alikuwa ameondoka muda mfupi kabla, alhamdulillahi.

Tukamleta mzee mmoja fundi. Alipanda jukwaa na nyundo ndogo, akawa agonga dari polepole, huku amefumba macho. Palipo pazima zege hulia kwa ukali. Palipoachana ndani, sauti huwa ya mtungi mtupu. Alipaweka alama za chaki, na alipomaliza karibu theluthi moja ya dari ilikuwa na chaki. Chumvi ya bahari ikipenya zege ikafika kwenye nondo, chuma huota kutu, na kutu hujaa kuliko chuma chenyewe. Hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Rangi haiwezi kitu hapo.

Tulibomoa kila palipo na chaki mpaka nyuma ya nondo, tukasugua kutu yote, zilizoliwa sana tukazifunga nyingine ubavuni, tukapaka dawa ya kuzuia kutu, kisha tukajaza saruji maalumu ya ukarabati. Ghali, ndiyo. Lakini huu ni mwaka wa sita na hakijaanguka kipande.

Nondo 16
Mwana wa Kisauni, ya kugonga na nyundo naichukua. Asante sana.

Mpanga Mipango
Niko upande wa mipango, chuo cha umma. Watu huuliza kwa nini jengo jipya linasimama huku la jirani linavuja. Fedha za mradi zina mkataba wake. Mfano HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu Tanzania uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425: kila chuo kina mpango ulioidhinishwa, na huwezi kuchota humo ukanunue koki za bweni la zamani. Matengenezo ya kila siku yanategemea zaidi makusanyo ya chuo chenyewe, na hayo ndiyo ya kwanza kukatwa mwaka ukiwa mgumu. Inaniuma kila bajeti.

Ushauri wangu kwa mafundi: pambaneni siku ya kukabidhiwa. Daini michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, maana mabomba mara nyingi hayapiti palipochorwa mwanzo. Daini pia vitabu vya mitambo na vipuri. Kingine, andikeni tarehe ya mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado analazimika kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Mwezi mmoja kabla yake, kagueni kila chumba mvua ikinyesha. Mkandarasi akishalipwa fedha yake iliyozuiliwa kama dhamana, kumrudisha ni kazi.

Mtanzania Kampala
Nilikuwa nasoma Makerere. Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 jengo kuu liliungua, lile jeupe lenye mnara, la mwaka 1941. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya korona, picha nikaziona kwenye simu nikiwa Bukoba. Nililia kama mtu aliyefiwa. Limejengwa upya kwa sura ile ile na kufunguliwa tena 2024, nilikwenda kulitazama.

Sasa nasimamia hosteli ndogo hapa nyumbani. Wiki ya kwanza kazini nilizunguka kuangalia mitungi ya kuzimia moto. Mshale ukiwa kwenye kijani, mtungi una presha. Kati ya 11, minne ilikuwa kwenye nyekundu. Mlango wa dharura wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli kwa kuogopa wezi, na funguo anakaa nazo mtu aliyekwisha hama. Tumeweka komeo linalofunguka kwa ndani tu. Kila muhula tunafanya zoezi la kutoka usiku.

Mwaka wa Tatu
Fundi Daftari, samahani nakuingilia. Bwenini kwetu tanki la juu linafurika sasa hivi, maji yanateremka ukutani. Hakuna pampu hapa, yanakuja na presha ya bomba la mtaani. Ofisi imefungwa.

Fundi Daftari
Pole. Usipande peke yako, mwite mlinzi aje na tochi. Bomba linaloingiza maji tankini lina valvu, funga kwa kuzungusha kulia mpaka ikaze. Halafu fungua mfuniko, inua boya kwa mkono. Ukiliona zito, litikise.

Mwaka wa Tatu
Tumeshuka. Valvu imefungwa, maji yamekata kumwagika. Boya ni zito, nikilitikisa lina maji ndani.

Fundi Daftari
Limetoboka. Linazama badala ya kuelea, kwa hiyo koki haifungi. Kesho mpeleke fundi wenu boya lenyewe mkononi, aone ukubwa wake. Na uandike tarehe na saa uliyoripoti.