Naomba ushauri: tairi na rimu za Mark II ya gia za mkono

Salaam wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa pesa. Niko na Toyota Mark II ya injini ya 1JZ turbo, gia za mkono, inasukuma nyuma, ndio gari yangu ya kila siku Bamburi kuja town na siku za drag (mbio fupi za gari mbili kwenye mstari ulionyooka) barabara ikifungwa naenda nayo hiyo hiyo. Sasa hivi iko na rimu za inchi 17, tairi 225/45 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana). Shida ni pale kuondoka, nikiachia klachi tu za nyuma zinazunguka bure, moshi mpaka ndani, gia ya pili pia inateleza, mwenzangu keshaenda. Nimeshusha upepo kutoka psi 32 mpaka 24, imesaidia kidogo sana.

Fundi wangu aniambia nishuke rimu 16 kwa nyuma nieke 225/50, kimo cha tairi nzima kinabaki karibu kile kile lakini ubavu wake unakuwa mrefu zaidi, unajikunja ukipokea kile kishindo cha klachi. Mie naona ina maana, na kwa mashimo ya huku kwetu rimu pia itapona. Ila rimu 16 itaenea juu ya breki kweli bila kugusa? Nati ni tano, duara yao milimita 114.3.

Halafu zile tairi laini za mashindano, zashika sana lakini masika maji yakituama barabarani naogopa, gari hii ndiyo nampelekea mamangu kliniki. Na zikishika hivyo si ntavunja difu (gia za ekseli ya nyuma), ama niunguze klachi yangu ya kawaida? Ama ninunue seti mbili, za drag nizibebe kwenye buti? Aliyejaribu anieleze tafadhali.